Neno Nililomtwika Papa Kabeya

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi, mwanangu, na kama Mungu angeniruhusu kusahau siku moja tu, ningeichagua hiyo. Ilikuwa Jumapili mchana, jua la kupasua kichwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimekaa kwenye baa, chupa mbele yangu, nikiwachekesha watu. Nitakufikisha hapo. Kwanza nieleze nilifikaje, maana anayeanguka huwa amejikwaa mahali.

Nasikia siku hizi vijana mnalitaja sana neno gnosis. Juzi nimeliona kwenye tangazo lililobandikwa ukutani katikati ya mji: njooni tuwafundishe maarifa ya siri, viti ni vichache. Nilisoma mara mbili, nikatema mate. Si kwamba nalichukia neno lenyewe. Ni neno la heshima, la zamani sana. Ninaowachukia ni wanaolipigia debe, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao.

Miaka ile shaba yote ilikuwa ya serikali, chama kilikuwa kimoja, na picha ya Kiongozi ilitundikwa kila mahali, kuanzia ofisi ya mkurugenzi hadi kwa kinyozi. Tulikuwa tumeamriwa kuacha majina ya ubatizo. Mimi Filipo nikawa Mukalay, jina la babu yangu, na sitakudanganya, nililipenda. Asubuhi kabla ya kazi tulipanga mistari tukaimba na kucheza kumsifu Kiongozi, wazee wenye mvi nao wakikatika viuno, na ole wake asiyekatika. Usoni tulicheka. Ndani tulikuwa na hofu, na hofu ya kila siku mtu huizoea mpaka akadhani ni afya yake.

Aliyenifundisha neno gnosis alikuwa mtu wa tanuru kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba nilikofanya kazi, jina lake Kabeya. Tulimwita Papa Kabeya, kama tunavyowaita wazee wetu hapa Lubumbashi. Alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali na kwetu, mrefu, mkavu, mwenye kusema polepole. Ujanani alisoma seminari, nusura awe padri, akajifunza Kilatini na Kigiriki. Kisha akaacha, akaja huku, akamwoa Mama Ngalula, akaishia kwenye moto. Kazi yake ilikuwa kupuliza hewa ndani ya shaba iliyoyeyuka na kujua ni lini aache. Ukiacha mapema uchafu unabaki, ukichelewa unaiharibu shaba. Mainjinia walikuwa na vitabu vyao, lakini saa ya kuamua ilipofika walimgeukia yeye. Naye aliutazama moto mdomoni mwa tanuru, rangi yake tu, akainua mkono.

Mimi nilikuwa wa koleo, mchota makaa tu. Nilimuuliza, ni rangi gani hasa unayoingoja?

"Simama hapa pembeni yangu miaka tatu," akaniambia. "Kiisha hautaniuliza tena."

Nilidhani ananificha kitu. Kijana ukinyimwa jibu fupi hudhani umenyimwa siri.

Jumapili baada ya misa tulikuwa tunakwenda kwake kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi, mimi na wenzangu wawili. Mama Ngalula alitupikia bukari, ndio ugali wetu, kwa matembele na samaki wakavu wa Kilwa ya huku kwetu ziwani, tukala mpaka tukalegeza mikanda, halafu Papa Kabeya akazungumza. Alisema gnosis ni neno la Wayunani, maana yake kujua. Lakini si kujua kwa kuambiwa. Gavana unamjua kwa kuambiwa jina lake, mama yako unamjua bila kufundishwa na mtu. Hao waliolishika neno hilo waliishi Misri na Shamu na kwingineko, enzi zile Ukristo ungali mchanga. Chimbuko lao hakuna ajuaye kwa hakika: wengine husema walichota kwa Wayahudi, wengine kwa Wayunani, wengine kwa Waajemi, na yeye aliona kwamba kisima hakikuwa kimoja. Maaskofu waliwakataa. Vitabu vyao vingi vikapotea, vingine vikazikwa mchangani ndani ya mtungi, vikalala humo mamia ya miaka mpaka wakulima walipovifukua.

Na hadithi yao, mwanangu, ilikuwa ya kutisha. Walisema ulimwengu huu haukuumbwa na Mungu wa kweli bali na mungu mdogo asiyeona, aliyekaa kwenye kiti chake akatangaza: mimi ndimi, hakuna mwingine. Lakini ndani ya kila mtu kuna chembe ya nuru iliyotoka juu zaidi ya huyo kipofu, nayo imelala. Gnosis ni chembe hiyo kuamka, ikakumbuka kwao.

"Miye niko Mukatoliki, hadithi yao yote siishiki," alisema Papa Kabeya. "Lakini balisema kintu kimoja cha kweli: mutu asiyejijua mwenyewe, hata akijua mbingu yote, hajui kintu." Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Haya maneno inabaki hapa kwangu. Haiko uchawi. Ni juu ya vile haiyaiva ndani yenu."

Haijaiva! Liliniuma neno hilo. Nilijiona nimeiva tayari. Wiki nzima nilitembea kambini nikiwatazama watu kama ng'ombe, hawa hawajui, mimi najua. Nilimdharau mpaka mama yangu mzazi na rozari yake. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma.

Sasa tumefika kwenye baa.

Alikuwepo Kasongo, kijana wa chama pale kazini, yule aliyeandika nani kaimba vizuri na nani kasimama kama mti. Alipenda kunichokoza. "Mukalay, weye unajuaka nini? Koleo tu!" Watu wakacheka. Nikasema najua mambo ambayo mainjinia wenyewe hawayajui. "Sema basi, tusikie," akasema. Nami nikasema. Nikawapa yule muumbaji kipofu, kiti chake, tangazo lake. Waliacha kunywa wakanisikiliza. Mwanangu, hakuna pombe inayolevya kama kusikilizwa. Nilipofika kwenye "mimi ndimi, hakuna mwingine", nikaona hadithi inahitaji kachumbari kidogo. Nikainua kidole kwenye picha iliyotundikwa juu ya kaunta.

"Sasa muangalie benyewe. Ule ni nani?"

Kicheko kilipasuka, kikakatika. Kasongo peke yake hakuwa amecheka.

"Rudilia ile maneno," aliniambia.

Watu wawili wa meza ya jirani waliinuka wakaondoka bila kumaliza bia zao. Nami nikasema, na sauti yangu naisikia mpaka leo, nyembamba kama ya mbuzi: "Haiko miye. Ni Papa Kabeya anatufundishaka vile."

Papa Kabeya hakuwahi kumtaja Kiongozi. Hata mara moja, hata kwa jicho. Kidole kile kilikuwa changu mimi.

Walimchukua Jumanne, kazini, glavu za ngozi zikiwa bado mikononi. Watu wanne wa usalama walikuja wakamsemesha karibu na sikio, naye akaitikia kwa kichwa. Alipopita mbele yangu alinitazama, si kwa muda mrefu. Nyuma yake mainjinia wakaanza kupigiana kelele, maana moto ulikuwa unabadilika na hapakuwa na mkono wa kuinuliwa. Nami nilikuwa nimeshika koleo langu. Ningeweza kulitupa nikasema neno moja. Sikulisema.

Nyumba ya kambi hufuata kazi. Hazikupita wiki mbili Mama Ngalula akaambiwa ahame, akaenda Ruashi, pembeni mwa mji, na watoto wanne kwenye nyumba ya kaka yake isiyokuwa na madirisha. Nilimsaidia kuhama. Nilibeba kitanda chao kichwani njia nzima, nikidhani uzito utanipunguzia kitu. Tulipofika alinifuta jasho kwa kitenge chake. "Mungu akulinde, mutoto yangu," alisema. "Bengine bote banatukimbia, weye hapana."

Miezi tisa. Hatukujua yuko gerezani au yuko kaburini. Kisha siku moja wakamwacha barabarani, akatembea mwenyewe mpaka Ruashi. Nilisikia, na sikwenda. Wiki ya kwanza nikasema nina zamu, ya pili nikasema mvua. Mwoga hakosi sababu. Wiki ya tano nilikwenda.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Meno ya mbele hayakuwepo. Mikono ilimtetemeka mpaka kikombe alikishika kwa viganja viwili, na macho yalikuwa na ukungu. Alinigeukia kwa kunisikia, si kwa kuniona. Nilipiga magoti.

"Papa, ni miye nilisema."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Bananiuliza: ni weye ulisema Kiongozi iko ule kipofu? Nikasikia ile maneno, nikasema ndani ya roho: hii haiko yangu. Hii ni ya Mukalay, anapendaka kuchekesha bantu." Akakohoa kwa muda. "Nikabaambia, ndiyo, ni miye."

Nililia, sikuona haya. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile, ilhali angeweza kunitaja akarudi nyumbani.

"Nilikujua," alisema tu. "Mutu ukimujua, utamuuzisha namna gani?"

Nikashika miguu yake nikaomba msamaha. Hapo alinyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ikawa kali.

"Usinishike miguu. Ulikuya kwangu Jumapili ngapi? Ulikamata maneno ya bantu ba Misri yote, ya mbingu, ya nuru, ya kipofu. Weye mwenyewe ulikuwa wapi? Ulijua ule kipofu wa juu, haukujua muoga iko anakaa ndani yako. Sasa umemuona. Ile ndiyo kujua. Ni ile tu, haina ingine. Miye nimekusamehe. Lakini Mama Ngalula hajui. Utamuambia weye, kwa mudomo yako, leo."

Nilimwomba iwe siku nyingine. "Leo," alisema tena.

Mama Ngalula alirudi saa kumi na beseni la makaa kichwani, maana siku zile aliishi kwa kuuza makaa. Aliponiona alifurahi, akaniita mutoto yangu, akaanza kutafuta kiti. Nikamwambia nitasimama tu. Nikamwambia yote: baa, picha, kidole, na jina la mume wake lilivyotoka kinywani mwangu. Alisikiliza beseni likiwa bado kichwani. Nilipomaliza, alilitua chini taratibu, akajifuta mikono, akanitazama nilivyo.

"Ulikula kwangu," alisema.

Akaingia ndani.

Papa Kabeya alifariki kabla mvua hazijaisha. Nilikwenda matanga. Mama Ngalula hakunifukuza, wala hakunikaribisha. Vijana walipoinuka kubeba jeneza nami nikanyoosha mkono, alikuja akauondoa mkono wangu, kwa upole, kama mtu anavyoondoa jani kwenye nguo, akamwita mwingine ashike mahali pangu. Aliishi miaka mingi baadaye. Kila tulipokutana sokoni aliniamkia kwa adabu, na hakuniita mutoto yangu tena mpaka alipozikwa.

Basi ukiniuliza gnosis ni nini, mwanangu, sitakupeleka Misri. Ni kweli ilitoka huko na kwa Wayunani, na walioishika waliteseka kwa ajili yake. Lakini mimi niliipata Ruashi, mbele ya beseni la makaa, nayo haikuwa nuru. Ilikuwa ni kuuona uso wangu mwenyewe nikakosa pa kuuficha. Labda iko nyingine iliyo tamu zaidi. Papa Kabeya alisema haipo, na sijakutana na mtu mkweli kumzidi yeye.

Nasaha yangu ni hii. Usiseme "najua" juu ya jambo lisilokubadilisha. Mafundisho ya mwalimu usiyafanye kachumbari ya baa, maana ulimi hauna mfupa lakini huvunja mifupa ya wengine. Mtu akikuahidi maarifa yaliyofichika kwa wote, muulize kwanza kama anamjua mkewe, na kama anajijua mwenyewe siku ya hofu. Na neno lako likizua moto, liitikie wewe, papo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilichelewa miezi tisa na wiki tano, na meno ya mtu hayarudi.

Haya, sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe kujijua mapema, ukiwa bado hujamwumiza mtu. Akupe ulimi mzito wa kujisifu na mwepesi wa kukiri. Na kila anayekulisha, mwanangu, asije akajutia sahani aliyokupa.