Bia Niliyonyimwa Siku ya Posa ya Binti Yangu

Siku binti yangu anaposwa, mimi nilinyimwa bia dukani kwa sababu ya utoto. Mimi huyu, mjane, miaka arobaini na kitu, magoti yanalia nikipanda ngazi. Siku nyingine ningefurahi, ningekwenda kuwaringia wenzangu sokoni mpaka wanichoke. Siku ile nilitaka kulia.

Nianze na pasipoti, maana ndiyo iliyonibana huku na huku. Nanunua jinzi hapa Guangzhou kwa ajili ya duka letu la Moshi. Kutwa niko kwenye yale majengo ya nguo ya Barabara ya Guangyuan Magharibi, nabishana bei na kuwapisha wabeba marobota. Viza ilikaribia kuisha, nikapeleka pasipoti uhamiaji waniongezee muda, na karatasi ya kuonyesha kwamba wanayo akabaki nayo wakala anayenifuatilia. Ndipo watu wa upande wa kijana wakaleta habari kwamba wanakuja nyumbani kwetu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliwaomba wasogeze tarehe. Wakasema babu yao ni mgonjwa, hawana uhakika wa mwezi ujao. Bila pasipoti hupandi ndege, kwa hiyo nikaambiwa nitahudhuria kwa simu.

Sasa, katika ukoo wa mume wangu kuna jambo moja halirukwi. Wageni wakileta mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, hakuna anayekunywa kabla mama wa binti hajaonja. Mkubwa wa ukoo anauliza mbele ya watu wote, "Binti huyu ni wa nani?" Mama anajibu, "Wangu," anapiga funda moja, ndipo kata ya kunywea inazunguka. Asipoonja, pombe inakaa hapo inatazamwa na nzi. Na kama mama hayupo, anaonja yule aliyemlea.

Aliyemlea ni dada yangu mkubwa. Binti alikuwa mdogo, meno ya mbele hayajarudi, nilipoanza safari hizi, na dada akamchukua akae kwake. Dada ndiye aliyemsuka siku ya kipaimara. Dada ndiye aliyelala naye hospitali alipopasuliwa kidole tumbo. Mimi nilikuwa natuma viatu, na kila mara vinafika mguu umeshakua. Kazi siilaumu, ndiyo iliyomsomesha. Ila nilitamani, nasema wazi, nilitamani hadi chakula hakipiti, kwamba hata kama mengine yote aliyafanya dada, lile funda moja liwe langu.

Dada alinipigia mapema siku hiyo. "Uwe na pombe mkononi," akasema. "Siyo soda, siyo maji. Wazee wameikubali hii simu kwa shida, usiwape la kusema. Na usipopatikana, mdogo wangu, nitaonja mimi. Si unajua, kuzaa si kazi."

"Kazi ni kulea," nikamalizia. Tukacheka wote, lakini mimi nilicheka kwa meno tu.

Kwao ilikuwa saa nane mchana, huku kwangu saa moja jioni. Sokoni nilicheleweshwa na mzigo uliofungwa saizi nisizoagiza, na jua lilikuwa limeshazama nilipofika kwenye kiduka cha chini ya jengo ninalokaa. Hapo nimenunua bia mara nyingi na hajaniuliza mtu. Nikachukua kopo moja, nikaliweka kaunta, nikatoa simu nilipe. Kichwani nilikuwa na kofia, usoni barakoa, begi mgongoni, na mwili wangu tangu zamani ni wa kisichana. Mama mkwe alikuwa akiniita kijiti.

Muuzaji alikuwa binti mgeni, sijawahi kumwona. Akanitazama juu mpaka chini, akanionyesha bango jipya ukutani, kisha akaandika kwenye simu yake ikatafsiri: walio chini ya miaka kumi na minane hawauziwi pombe, naomba kitambulisho.

Nikavua barakoa. Nikavua kofia, nikainamisha kichwa aone mvi zangu. Akazichunguza kwa adabu kabisa, akaandika kwamba siku hizi vijana wengi wanapaka rangi hiyo. Nikamtolea picha ya pasipoti kwenye simu, akatikisa kichwa, anataka yenyewe. Damu ikaanza kunichemka. Nikamuuliza laoban yuko wapi, yaani bosi wake. Akaelekeza kidole kwenye kamera ya darini, halafu akanipa lile neno ambalo kila mfanyabiashara wa huku keshalila mpaka limemkinaisha: mei banfa, hakuna namna.

"Mwanangu," nikamwambia kwa Kiswahili, maana hasira haina tafsiri, "huyo ninayemwoza leo ni mkubwa kuliko wewe." Akanionyesha bango tena. Nyuma yangu mteja mwenye paketi ya maziwa alikuwa anahema kwa kuchoka kusubiri.

Duka lingine liko ng'ambo ya barabara kuu, mpaka upande daraja la waenda kwa miguu ushuke. Nisingewahi. Nikabaki pale nimeshika kopo nisiloruhusiwa kununua, na kilichonijia kichwani ni kilabu cha mbege cha kijijini kwetu. Nikiwa mtoto, bibi alikuwa ananituma na kidumu nimletee babu ya jioni. Mama muuza alikuwa hanitazami mara mbili. Anauliza, "Wewe wa nani?" Namtaja babu. Anajaza kidumu, ananiambia nisikimbie, nisalimie nyumbani. Sisemi ilikuwa sawa, mtoto kubeba pombe. Mwalimu wetu alilipigia kelele sana na alikuwa na haki. Lakini miaka yote hii ughaibuni nimeulizwa pasipoti, viza, anwani, alama za vidole, na sasa umri. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni wa nani. Nililikumbuka lile swali.

Simu ikalia mkononi. Dada alikuwa amenitumia picha: binti yangu ameketi sebuleni, kitenge cha kijani, nywele zimesukwa nyuma, mikono juu ya magoti kama anasubiri kuitwa kwa daktari. Sikuwaza. Nikamgeuzia muuzaji ile picha, nikaandika nayo ikatafsiri: huyu ni mwanangu, leo anaposwa, mama asipoonja pombe wageni hawanywi.

Akaichukua simu kwa mikono miwili. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Nadhani alikuwa anatafuta pua, maana pua ni yangu kabisa. Akauliza kwa nini sikwenda. Nikaandika: pasipoti sina.

Hapo akacheka kidogo, nami nikajikuta nacheka, kwa uchungu.

Bia hakuniuzia. Alilichukua kopo akaliweka nyuma yake. Kisha akazunguka kaunta, akaenda kwenye rafu ya mayai na sukari, akarudi na chupa pana ya kioo yenye kitu cheupe, punje za mchele zinaelea ndani. Akaandika kwamba kwao, mkoa wa mbali, ni mchele uliochachishwa, mwanamke akijifungua anapikiwa na yai. Ni chakula, akaongeza, hakihitaji kitambulisho. Nikalipa, nikamwinamia kama wanavyofanya wao, nikapanda ngazi mbio na magoti yangu hivyo hivyo.

Chumbani nilifungua kifuniko, na harufu ikanikalisha chini. Ni ule uchachu mtamu, wenye nafaka ndani yake, uliokuwa ukitoka kwenye kile kidumu cha mbege ya babu. Nimekaa mji huu miaka, nimepita rafu ile kila siku, sikujua. Nililia hapo hapo sakafuni, halafu nikajifuta kwa kofia kwa sababu simu ilikuwa inaita.

Sebule yetu ikatokea, imejaa. Nilimwona shemeji na kata yake, nikawaona wageni wamevaa makoti, babu yao kakunjwa kwenye blanketi. Nilimwona binti yangu. Dada sikumwona.

"Shemeji, una kitu mkononi?" akauliza shemeji. Nikanyanyua chupa. Mzee mmoja akauliza mbona ina punje. "Na mbege ina nini?" nikamjibu, na watu wakacheka, na nikajua nimepita.

Shemeji, aliyeachiwa na wazee nafasi ya mkubwa wa ukoo, akasimama. "Binti huyu ni wa nani?"

Neno lenyewe ni moja tu, nimelitunza tangu nilipomzaa. Likagoma. Nikaona picha inatikisika kidogo, na kwenye ukingo wa picha nikaona kidole gumba chenye kovu la kuungua, kovu la sufuria ya uji ambao sikuupika mimi. Dada ndiye aliyekuwa ameshika simu. Alisimama kule mbele ya watu wote, mikono imenyooka, ili mimi nionekane na yeye asionekane.

"Dada," nikasema, "geuza simu wakuone."

"Nikigeuza mtandao utakatika," akasema, na sauti yake ilikuwa karibu sana, karibu kuliko ya mtu yeyote mle ndani. "Jibu, mama wa binti. Watu wana kiu."

Hajawahi kuniita hivyo, hata siku moja.

"Wangu," nikasema. "Na wa huyo aliyeshika simu."

Nikanywa. Kule nyumbani kata ikaanza kuzunguka, ikapita kwa shemeji, ikapita kwa babu wa wageni, na binti yangu akanyanyuka, akaichukua, akaja nayo moja kwa moja mpaka uso wake ukajaa kwenye simu yangu. Nikajisogeza kama vile naletewa mimi. Lakini kata ilipita juu, nje ya picha, na nikasikia dada yangu akinywa.