Sufuria Zilizotobolewa Ukweni

Sipendi kuisimulia habari hii, na ningekuwa na uwezo ningeifukia, lakini kwa kuwa kila nikikanyaga Mbagala kuna mtu anacheka kabla hajaitikia salamu, bora muisikie kwangu kuliko kwa shemeji yangu Rajabu, ambaye huizidisha chumvi mpaka hailiki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, maduka yameanza kujaa vitu, na kwenye mitumba ulikuwa unaweza kuokota majarida ya sayansi ya Ulaya yaliyochanganyika na makoti. Mie karani wa bohari, shule niliishia darasa la nane, lakini nilikuwaga nasoma majarida hayo ukurasa kwa ukurasa, kamusi pembeni, na ndimo nilimokutana na mashine zinazokimbiza chembe ndogo kuliko vumbi. Ndani ya mashine hizo mna vyumba vya metali vilivyovimba kama maboga, vimepangwa kimoja baada ya kingine, na mawimbi ya jamii ya redio yakiwa humo ndani huisukuma chembe mbele. Vilivyo bora hutengenezwa kwa metali iitwayo niobi, ambayo ukiipoza kwa gesi ya heli iliyogeuzwa kimiminika, baridi ambayo friji yako haijaiota, hupitisha umeme karibu bila kupoteza chochote. (Nasema karibu, maana kwa mawimbi hasara kidogo hubaki, asije mtu akanisahihisha.)

Basi mwalimu mmoja wa sekondari kule Mbagala akaniomba nije niwaeleze wanafunzi wake. Niobi sina, nitaitoa wapi? Nikachukua sufuria mbili mpya za alumini, nikaziunganisha mdomo kwa mdomo, nikatoboa tundu la mviringo katika kitako cha kila moja, maana chembe lazima iingie huku itokee kule, nikazisugua mpaka zikang'aa. Nilijivunia kazi ile, sifichi.

Siku hiyo hiyo ya kwenda shuleni, asubuhi, tulikuwa tunapeleka posa ya mpwa wangu Shabani, mtoto wa marehemu dada yangu niliyemlea mwenyewe, kwa kina Zainabu, Wazaramo wa Mbagala hapo hapo. Mie mshenga, Rajabu ndiye mwenye barua mfukoni. Shabani alikuwa amemsubiri binti yule muda mrefu, hadi baba mkubwa wa binti, Mzee Pazi, akakubali angalau kutusikiliza. Nikajiambia, kwa nini nirudi nyumbani Temeke kuchukua mfano wangu wa sufuria? Nitaubeba, nikitoka ukweni nanyoosha shuleni. Na kwa kuwa gazeti lingeacha wino kwenye alumini, nikaufunga kwa kanga mpya ya mke wangu. Kosa liko wapi hapo? Niambieni!

Tulipofika nikauweka mfano miguuni pangu, tukaanza kusalimiana. Akatokea shangazi yake Zainabu, Bi Tatu, akauona ule mzigo uliofungwa vizuri, akaunyanyua huku anatabasamu, na kabla sijafungua kinywa kashaingia nao ndani kwa wanawake. Nikamtazama Rajabu aseme neno. Anatazama dari!

Vigelegele vikapanda. Vikakatika katikati.

Bi Tatu akatoka, safari hii hatabasamu, mfano wangu kaushika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Kwetu chombo kilichotobolewa hurudishwa baada ya harusi, mume akilalamika kuwa hakumkuta binti mzima," akasema. "Ninyi mmekileta kabla! Tena vitako viwili, mkihofia kimoja hatutakiona?"

Mie mtu wa Tabora, ningeijuaje mila hiyo? Rajabu, mzaliwa wa hapa hapa, anaijua, na baadaye ananiambia, "Shemeji, mie nilidhani umefunga kanzu yako." Kanzu gani inayolia ko ukiigonga?

Ndani nikamsikia Zainabu analia. Mzee Pazi akamnyooshea Rajabu kidole. "Barua yenu ibaki mfukoni. Nendeni."

Hapo nikasimama nikaeleza, kwa utaratibu, kuanzia niobi. Nikaeleza heli, nikaeleza mawimbi, wala hakuna aliyeuliza swali hata moja la maana, na nilipofika kwenye matundu nikasema, kwa nia safi kabisa, "Bila tundu, wazee wangu, hakina kazi."

"Astaghfirullah!" akasema Bi Tatu. Rajabu akanivuta kanzu nikae.

Mzee Pazi akanitazama. "Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mngelisema mapema! Huyu mtani wetu. Mtani hafukuzwi, hupigwa faini."

"Faini yake naitaja mie," akadakia Bi Tatu. "Kitu hiki hakitoki humu na matundu yake. Aitwe fundi wa sufuria, akizibe mbele ya macho yetu, halafu ndiyo barua isomwe."

Nikaitazama kazi yangu, nikamfikiria Shabani anayengoja nyumbani, nikakubali. Fundi akaja, akakata vipande vya bati, akaviziba vitako vyote viwili, gonga gonga, huku wanawake wanapiga vigelegele kwa kila nyundo. Barua ikasomwa, ikapokelewa. Shuleni nilikwenda mikono mitupu, nikachora ubaoni kwa chaki, wanafunzi wakapiga miayo.

Shabani na Zainabu wana watoto sasa. Mfano wangu upo kwa Bi Tatu, juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni huonyeshwa: "Hii ndiyo posa ya Mnyamwezi." Haupikiwi, haufunguki, chembe haipiti, wala hakuna aliyewahi kuniomba radhi kwa kufungua mzigo wa mtu bila kuuliza!

Nimeapa: nikienda nyumba ya watu sifungi kitu kwa kanga tena. Nikilazimika kubeba, nabeba waziwazi, matundu yanatangulia mbele, na Rajabu anabaki nyumbani.