Saa ya Kinshasa

Nianze na selotepu, kwa sababu ndiyo inayoniuma kuliko yote. Niliibandika kwa mkono wangu juu ya swichi ya taa ya barazani, nyumbani kwa mama, hapa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma ya Congo. Niliikata kwa meno, nikaikandamiza kwa kidole gumba, nikamwambia mama asiiguse tena ile swichi, akiigusa anaharibu kila kitu. Nilimsemesha mama yangu mzazi kama mtoto aliyesogelea jiko. Naye akaniangalia, akasema bon, sawa, akarudi kuchambua maharagwe yake.

Taa zenyewe nilizileta mimi kutoka Kigali, ambako nafanya kazi ya ofisi. Ni zile balbu zinazoendeshwa kwa simu: unazipangia saa ya kuwaka na saa ya kuzima, na hata ukiwa mbali unaziamuru kwa kidole, mradi swichi ya ukutani isizimwe. Mama anaishi peke yake tangu baba afariki. Ana sukari, na magoti yake siku hizi hayamsikilizi. Kila nikimfikiria anapapasa ukuta gizani, nilijua siku akianguka hakuna atakayemsikia. Nikajiambia nitamwekea taa, itakuwa kama vile nipo. Kuja mwenyewe kila wiki nilikuwa naona mbali. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kuzifunga kulinitoa jasho. Balbu ya kwanza ilikataa kabisa kushika intaneti. Inapepesa, inapepesa, halafu inatulia kama haijui kitu. Nikaja kugundua kwamba intaneti ya mama ina mawimbi ya aina mbili na balbu hizi zinakubali aina moja tu, ile ya zamani, nami nilikuwa nazilazimisha kwenye nyingine. Nikarekebisha. Mara simu yangu ikadaka mtandao wa Congo, kama zinavyofanya simu zote huku mpakani, ikanitumia ujumbe wa kunikaribisha ugenini nami nimekaa sebuleni kwa mama. Mwisho programu ikataka namba ya kufungulia akaunti. Nikaipa ile namba yangu ya Goma, ninayoitunza kwa ajili ya ndugu waliobaki upande ule. Ikauliza hiki, ikauliza kile, nami nikabonyeza sawa, sawa, sawa, bila kusoma, maana hasira zilikuwa zimeshanipanda. Donc, kazi ikaisha. Nikapanga taa ya barazani iwake saa kumi na mbili jioni na izime saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa, ile taa ilikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo niliijua. Ndiyo maana leo sina pa kujificha. Nyuma ya ukuta wa mama anakaa mjane mmoja wa Kiislamu, fundi cherehani, wa zile familia za wafanyabiashara zilizokuwa mjini hapa kabla sisi hatujarudi kutoka Congo. Mimi namwita mama mdogo. Kila alfajiri akimaliza kuswali alikuwa anatupa jicho barazani kwa mama. Mama akiamka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima taa ya nje. Taa ikiwa imezimwa, mama mdogo alijua mwenzake ameamka salama, akaenda zake kwenye cherehani. Ikiwa kumekucha na taa bado inawaka, alikuja kugonga. Hawakuwahi kukaa wakapatana hivyo, walizoea tu. Mama alinihadithia mara moja nikacheka, nikaona ni mambo ya wazee.

Haikuchukua muda mama akaanza kunipigia. Taa inachelewa, alisema, asubuhi inazima watoto wameshapita kwenda shule, na jioni giza linaingia yeye anaisubiri kama anavyosubiri mtu wa serikali. Nikafungua simu yangu huko Kigali, nikaona imeandikwa saa kumi na mbili, mwanzo na mwisho. Nikamwambia amegusa swichi. Akasema hajagusa. Nikasema amegusa. Nilipokuja wikendi ndipo nikaja na hiyo selotepu. Jioni niliwasha taa kwa simu kabla ya saa yake ili nimwonyeshe maajabu, na asubuhi nililala mpaka jua kupanda, nikaikuta imezimwa, nikajiona mshindi. Yewe! Mtu anaweza kusoma miaka yote hiyo na bado akawa mjinga namna hii.

Kwa hiyo kila asubuhi kulikucha na taa inawaka, na kila asubuhi mama mdogo alikuja kugonga. Mama alifungua, wakacheka, wakanywa chai. Wao haikuwasumbua. Ila siku moja mama alikuwa anaoga, redio inapiga kelele, hakusikia mlango. Mama mdogo akagonga, akaita, akanipigia simu kwamba mama haitiki. Nilikuwa navaa kwenda kazini. Kabla sijajua la kufanya alikuwa ameshaita vijana wa barabarani, wakaupiga mlango teke, kitasa kikavunjika, na mama akatokea na kitenge kifuani na povu la sabuni masikioni. Mama alicheka mpaka akatoa machozi. Mimi sikucheka. Ile hofu niliyoipata iligeuka hasira, na hasira yangu huwa inatafuta mtu.

Jumamosi nilifika, nikaona mlango umefungwa kwa waya, nikaenda moja kwa moja kwa mama mdogo. Nilimkuta na utepe wake wa kupimia shingoni, anampima mteja. Mtu mwenye adabu angesubiri mteja aondoke. Nilisimama mlangoni nikasema:

"Mama mdogo, ile taa sasa inajiendesha yenyewe. Ikiwaka, ikizima, haina maana yoyote. Acha kuja kugonga. Unatutia wasiwasi bure."

Yule mteja aliangalia chini. Mama mdogo alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa. Halafu akasema taratibu kwamba amesikia. Akanituma niwasalimie watoto wangu. Nikatoka pale nimeridhika, kweli kabisa, nikanunua na ndizi njiani.

Mvua zilipoanza, mama akaanguka. Aliamka kwenda chooni, akateleza kwenye korido, karibu kabisa na mlango wa mbele, na mfupa wa nyonga ukapasuka. Aliyemkuta ni mwanamke anayemletea maziwa, na huyo hupita mchana. Alisikia kitu kinakwaruza mlango kwa ndani. Alikuwa ni mama, anakwaruza kwa kucha.

Nilipata basi la kwanza lililokuwepo, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu kama mtu aliyelewa. Hospitalini nikaambiwa mama anapigwa picha ya mfupa, nisubiri. Nikakaa kwenye benchi, na kwa vile mikono haikujua ikae wapi, nikafungua simu, nikafungua ile programu ya taa. Nikaingia sehemu ya akaunti ambayo sikuwahi kuifungua. Nchi: Congo. Mji: Kinshasa. Ilichukua ile namba yangu ya Goma, ikaniweka mji mkuu, ikanipa na saa ya huko. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Huku kwetu kukiwa saa kumi na mbili, wao ni saa kumi na moja. Na nani asiyejua hilo? Mimi nimekulia Goma! Redio ilikuwa inatutajia saa za aina mbili, ya Kinshasa na yetu ya mashariki, na sisi watoto tulikuwa tunawacheka watu wa Kinshasa kwamba bado wamelala. Mama wa watu alikuwa anasema kweli siku zote. Nilitaka kuitupa ile simu dirishani. Nikaishika tu.

Walipomlaza wodini, mama mdogo alikuwa tayari amefika na chupa ya uji. Ndugu na majirani waliingia mmoja mmoja, wanasema ihangane, ihangane, yaani pole, na kila mmoja aliuliza alianguka saa ngapi. Daktari naye aliuliza, amekaa sakafuni muda gani. Mama alikuwa amefumba macho, hakujibu. Watu walipopungua, mama mdogo alinigeukia. Hakuwa na sauti ya lawama hata kidogo, na afadhali angekuwa nayo.

"Mutoto yangu, ile asubui mi nilifika mpaka ku mulango," alisema. "Taa ilikuwa inawaka. Nilinyanyua mukono nipige. Nikakumbuka vile ulisema. Nikarudi."

Maneno yalikuwa yangu, yeye aliyatii tu. Ndipo mama akafungua macho.

"Saa ile nilikuwa nalala bado," akasema. "Nilianguka kisha, jua imeisha kutoka. Hata ungepiga, ungeniamusha bure."

Mama mdogo alishika kitanda kwa mikono miwili, akasema Alhamdulillahi, akalia kwa sauti mpaka nesi akaja kuangalia. Mimi pia nilishusha pumzi. Nililala usiku ule, na nilikuwa sijalala tangu nipate habari. Niliyashika maneno ya mama kwa nguvu: jua lilikuwa limetoka, mlango hata ungegongwa, isingebadilisha chochote. Niliporudi nyumbani kwake niling'oa zile balbu zote na kuzitia kwenye mfuko, nikarudisha za kawaida, nikakwangua selotepu kwa kisu. Niliomba likizo kazini nikae naye. Kwa mama mdogo nilienda na sukari na mchele, nikaomba radhi kwa yale niliyosema mbele ya mteja wake. Akapokea, akaniombea dua. Nikaanza kujiona nimepona.

Mama alipotoka hospitali mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa. Siku moja mvua ilikuwa inapiga mabati, nami namwagia maji mabegani kwa kikombe. Akaanza kuongea bila mimi kuuliza.

"Nilimusikia," akasema.

Nikauliza nani.

"Mwenzangu. Ile asubui. Nilikuwa chini tayari, ku korido. Nikasikia ndara zake zinapiga maji. Zikafika ku mulango, zikasimama. Nikamuita. Sauti ikakatala kutoka, na mvua ilikuwa mingi, vile iko sasa. Nikamuita tena. Kisha zikarudi."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki kama kilikuwa na maji. Niliuliza kwa nini basi alisema alikuwa amelala.

"Yule angekuwa analia kila asubui akiona ule mulango. Usimuambie. Hata mi nikifa, usimuambie."

Nikapiga magoti pale kwenye maji ya sabuni. Nikamwambia asante, mama. Nilidhani ametufunika sisi wote wawili.

Akaniangalia vizuri, bila hasira.

"Nilidanganya kwa ajili yake," akasema. "Haikukuwa kwa ajili yako."

Kisha akageuka pole pole kwenye kiti, akanipa mgongo nimwoshe.