Kadi Iliyopunguzwa Nguvu

Rogathe huhariri video za harusi mjini Mbulu. Mjomba wake, Bura, aliuza fahali wawili ili amnunulie kadi ya picha ya kuipa kompyuta yake kasi. Kabla haijafika, kiwanda kikapunguza memori yake na kuliacha jina lilelile. Kwenye kundi la WhatsApp, wapenzi wa kompyuta walilalamika wiki nzima, mpaka Rogathe akachoka kusoma.

Jumamosi Bura alikuja kutoka Tumati.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia kadi imebadilika."

"Ni kama uliahidiwa ng'ombe wa lita kumi, ukaletewa wa lita sita."

Bura akauliza, "Anakamuliwa?"

"Anakamuliwa."

"Basi kamua, mama. Fahali hawarudi."

Rogathe akafungua video ya harusi iliyofungwa Endagikot, akaegemea meza, akasubiri kadi ifanye kazi yake.