Hina Haijakauka

Mwanangu ni askari jeshi. Alikuja hapa Msambweni kwa likizo ya siku kumi, na siku ya tatu nikamkuta anafunga begi.

"Waenda wapi, baba?"

"Narudi kambini, mama. Kesho." Siku hizi anazungumza kama mtu akataye muwa: kap, kap. "Kule najua cha kufanya. Hapa sijui nikae vipi."

Na kweli hakujua. Mgongo ukutani, macho langoni. Mwiko ukianguka jikoni, yeye kashasimama. Kila alfajiri keshafagia uwanja, hata kuku wangu wakaanza kutembea kwa mstari.

Mkewe, mtoto wa bara, mfanyakazi wa hoteli huko Diani, naye hakuwa na nafuu. Miezi yote mume yuko mpakani, alijishughulisha ili asifikiri. Sasa mume yupo, naye bado anafua. Siku ile shuka moja aliifua mara mbili. Nikamwambia, "Keti, mwanangu." Akanijibu kibara chao: "Aki Mum, mi niko tu sawa, wacha nimalize hii kitu."

Nikabana pua: "Aki Mum, mi niko tu sawa!"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yale machozi hayakuwa ya kicheko yote.

"Anaenda, Mum. Na hata hatujaongea."

Mie shule siijui, lakini nyuma ya choo nina mhina. Nikachuma majani, nikatwanga, nikatia ndimu na chai ya rangi. Nikamwita mwanangu anionyeshe nyayo. Lo! Buti zimezipika, zimepasuka kama shamba la kiangazi. Hina hutoa moto wa nyayo. Marehemu babake nilimpaka kila akirudi kukata miwa Ramisi. Hapo sikudanganya.

"Itachukua muda gani, mama?"

"Ikikauka, waenda zako."

Nikamkandika mpaka vifundoni, nikamwinulia miguu juu ya kigoda. Askari mzima, nyayo juu, kama samaki wa ng'onda aliyeanikwa juani! Kabla mkewe hajakimbilia beseni, nikamdaka mikono, nikampaka viganja na vidole vyote kumi, mkeka ule ule mmoja.

"Mum! Na simu yangu?"

"Itajipokea."

"Na pua ikiniwasha?"

"Mumeo ana mikono."

Wakatazamana kama watoto waliofungiwa chumbani. Mkaza mwanangu alishanisimulia kwamba hotelini kwao wageni humlipa mwalimu awaambie wafumbe macho na kuvuta pumzi. Basi nikasimama mbele yao, nikalegeza shingo, nikaigiza yule mwalimu wao: "Vutaaa pumzi... toaaa... wewe ni wimbi..."

"Mama, wimbi gani limepakwa hina?" Mwanangu akacheka. Tangu aje, ndiyo mara ya kwanza.

Nikawaletea uji bakuli moja, nikaenda kukaa jikoni, sikio na jicho moja nimeyaacha mlangoni. Mwanangu alimlisha mkewe kwa kijiko, akimfuta kidevu. Mara kijiko kikamponyoka, kikalia sakafuni. Nikanyosha shingo. Alishtuka, akataka kuruka, miguu haina ruhusa. Mkewe akamwegemea tu begani. Nikaona yale mabega yanashuka, polepole. Kisha mwanangu akaanza kumwambia habari za chai ya kule mpakani, kwamba kila kikombe kina mchanga. Mengine alinong'ona, hayakuwa yangu.

Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa amelala, kichwa mapajani mwa mkewe, ukuta kausahau.

Alasiri hina imeshapasuka, inadondoka mkekani kama magome. Akafumbua jicho moja.

"Mama, imekauka?"

Nikafungua mdomo nitoe uwongo wangu niliouandaa tangu asubuhi. Mkewe akaniwahi.

"Bado," akasema, mikono ameificha chini ya leso. "Lala."

Likizo yake aliimaliza hapa hapa, siku zote kumi. Lile begi aliliacha wazi mlangoni siku ile, na tulipokumbuka kulitazama, kuku wangu alishataga juu ya magwanda. Nami si mtu wa kumfukuza kuku anayetaga.