Pigo la Tatu kwenye Maji Baridi

Watu wakisikia bahari ya Muscat katikati ya kiangazi wanadhani ni maji ya kumkoshea mtoto mchanga. Nje joto linapanda mpaka kitasa cha gari kinaunguza vidole, na juu ya maji kweli kuna vuguvugu la kuudhi. Lakini shuka mita kumi na tano. Pepo za kusini zikivuma siku kadhaa, maji ya vilindini hupanda na kujisukuma chini ya yale ya juu, na pale yanapokutana unaona ukungu unaotetemeka, kama sukari inayoyeyuka kwenye glasi. Ukiuvuka, baridi inakupiga kofi la utosini. Saa yangu ya kuzamia imewahi kusoma nyuzi thelathini na moja juu na kumi na tisa chini, katika mbizi moja. Nimeona wanaume wenye vifua vyao wakirudi mashuani meno yanagongana huku jua likiwachoma mgongo.

Mimi nayapenda maji hayo kwa sababu yana hasira, na hasira naijua. Yanakuja ya kijani na mazito, huoni zaidi ya mita nne, na kila kilichomo kinamla mwenzake bila kuficha. Nimeona kundi la kolekole likivamia dagaa waliobanwa kwenye pembe ya jabali, likala mpaka magamba yakawa yanaelea peke yake. Nimeona mkunga, yule samaki wa umbo la nyoka, mnene kama paja langu amemng'ang'ania pweza, akajipiga fundo mwili mzima ili apate nguvu ya kumnyofoa mkono. Mkono ukatoka. Pweza akaenda zake na saba iliyobaki, wala sikumwonea huruma, nilikuwa nashangilia. Juu ya yote hayo wanapita yavuyavu, wale viumbe laini kama uji, wenye nyuzi za kuchoma, wakikuchapa midomo, sehemu pekee ambayo suti ya mpira haiifuniki.

Kazi yetu kule si utalii. Sisi ni kikundi cha watu wa kujitolea tunaotoka kila Jumamosi asubuhi kwenda kukata nyavu zilizopotea. Jarife la nailoni likimponyoka mvuvi haliachi kuvua. Linanasa kwenye matumbawe na kuendelea kuua kwa miaka, halina mwenyewe na halishibi. Anayetuongoza ni mwanamke wa Kenya, mkufunzi wa kuzamia aliyekuja Oman kwa kazi hiyo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Na mwaka ule kikundi kilipata mtu mpya: baba wa mke wangu.

Inabidi nimweleze vizuri. Mkwe wangu alizaliwa Unguja akaletwa Oman bado kijana, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu, kisha badala ya kukaa nyumbani kwake Darsait akicheza na wajukuu akaenda kujifunza kuzamia. Mabinti zake wakalia, yeye akacheka. Mimi nilimposa binti yake mara mbili. Mara ya kwanza jibu lilikuja kwa mtu mwingine: kwamba hasira za kijana huyu zinajulikana mtaa mzima wa Ruwi. Mara ya pili aliniweka miaka miwili bila ya ndiyo wala hapana. Tumeoana miaka kumi na moja sasa, na nikienda kwake bado nakaa ukingoni mwa busati. Akitaka kitu kwangu humwambia mke wangu, "Mwambie mumeo," na mimi nimekaa palepale, namsikia.

Nami nilimpa heshima yake yote. Kwetu mkwe hashikwi ovyo wala haulizwi maswali. Unambusu mkono, sikukuu unambusu paji la uso, basi, mwili wake huujui. Hata chai nilikuwa nikimwekea mbele, simpi mkononi.

Asubuhi ya siku ile, nyumbani kwetu Ghubra, mke wangu alinifungia kikapu cha tende na chupa ya chai, akasimama mlangoni. "Ntakuomba kitu kimoja," alisema. "Baba ana kiburi, hatosema kama kachoka. Usimwache, na usisubiri akwambie." Nikamwahidi.

Tulitoka pwani ya Qurayyat kabla jua halijawa kali. Yule Mkenya akatupanga wawiliwawili, na kwa kuwa tumekuja gari moja akanipa mkwe wangu. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Akamweleza kwamba kila dakika tano tuonyeshane geji, kile kisaa kinachosema hewa iliyobaki mtungini, na ikifika hamsini tunapanda, hakuna mjadala. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, sitaki hizi heshima zenu huko chini. Ikibidi umshike, umshike. Chini hakuna mzee." Mkwe wangu alitabasamu kidogo. Mimi nilitazama mapezi yangu.

Tuliuvuka ule ukungu kwenye mita kumi na nne. Nilimsikia akiguna ndani ya mdomo wa hewa, kile kifaa cha kupumulia kinachoumwa kwa meno, kwa namna baridi ilivyomshika. Alikuwa amevaa suti nyembamba, kosa la kila mgeni wa bahari yetu, maana ni nani aliye na akili anayefunga suti nzito kwenye nyuzi arobaini na tatu? Jarife lilikuwa mita ishirini na mbili, limefunika jabali zima. Ndani yake alikuwamo kasa aliyekufa zamani, shingo imekatika nusu kwa kujivuta, na kaa wakiingia na kutoka pale yalipokuwa macho. Karibu naye chewa mkubwa alikuwa bado hai, anapumua kwa shida. Nikazikata nyuzi zilizombana yule chewa, akaponyoka. Kila nikiona hivi natamani kumpiga mtu, na huwa hakuna mtu wa kumpiga.

Tukaanza kazi. Baada ya dakika chache niliona mapovu ya mkwe wangu yanatoka mfululizo, hayana nafasi kati yake. Mtu akisikia baridi akafanya kazi nzito hula hewa kama moto unavyokula karatasi, na mimi hilo nilikuwa nikilijua vizuri. Geji yake ilikuwa imelala chini ya kifua chake. Kuisoma ilibidi nipeleke mkono kwenye mwili wake. Nikasogea, nikasita. Nikamuuliza kwa vidole, akanijibu kwa vidole kwamba yuko sawa, bila kuitazama. Baadaye nikasogea tena. Akageuka upande. Nikarudi kukata wavu, kwa sababu mtu mzima kasema yuko sawa, na ni nani mimi wa kumpekua baba wa mke wangu? Niliona haya. Naliandika kama lilivyo: nilikuwa tayari afe kuliko nimshike kifua.

Hewa ilimkatikia ghafla. Nilijua kwa sababu mapovu yaliacha. Alijaribu kuruka juu na jarife likamdaka kwenye shingo ya mtungi, likamrudisha. Akanigeukia, macho yamejaa miwani yote, na kabla sijampa mdomo wangu wa hewa wa akiba alikuwa ameshaning'oa ule wa kinywani mwangu, na ngozi ya mdomo nayo. Akautia kwake. Kisha akanipanda. Hakuna neno jingine, alinipanda kama ngazi, goti tumboni, kucha shavuni, miwani yangu ikajaa maji. Nilipapasa mpaka nikaupata ule wa akiba, nikavuta pumzi moja yenye chumvi, nikakohoa, nikavuta nyingine.

Kisu kilikuwa bado mkononi mwangu. Ngumi chini ya maji haifiki popote, maji yanaila yote, kwa hiyo nilitumia mpini. Nilimpiga mara ya kwanza kwenye kifundo cha mkono aache kunivua miwani, akaacha. Nilimpiga mara ya pili kwenye paji la uso, kwa sababu alikuwa amebana pumzi na anavuta kwenda juu na wavu wake, na mtu akipanda kutoka kina kile na pumzi amebana, mapafu hupasuka. Nikampiga na mara ya tatu, puani, miwani yake ikamsogea upande. Damu ikatoka. Chini kule damu si nyekundu, maji hula ile rangi. Inatoka ya kijani kibichi, kama dawa ya kuoshea vyombo, na ilipita mbele ya miwani yangu polepole.

Kisha nilimkumbatia. Nilimkaba kwa mkono mmoja kifuani, mgongo wake juu yangu, kwa mkono wa pili nikakata jarife uzi baada ya uzi. Alikuwa akitetemeka mwili mzima. Tulipanda hivyohivyo, tukinyonya mtungi mmoja, tukasimama kwenye mita tano dakika tatu kama inavyotakiwa, mkwe na mkwe tumekumbatiana, na yavuyavu wakitupiga midomo.

Mashuani walituvuta. Yule Mkenya akaona pua. Kabla sijafungua mdomo, mkwe wangu alisema amejipiga kwenye jabali. Wakanipongeza, wakanipiga mabega, mtu akanimiminia chai ya mke wangu. Sikuweza kuinywa.

Kutoka Qurayyat mpaka Darsait ni mwendo wa zaidi ya saa moja. Nilizima kiyoyozi kwa ajili yake, nikawa natiririka jasho, na yeye bado amejifunga taulo, kitambaa chenye damu puani. Tulishapita milima ndipo aliposema, kwa mara ya kwanza akisema nami moja kwa moja bila ya mtu katikati.

"Lile la kwanza haki yako. La pili pia, nlikuwa sijijui. La tatu nlikuwa nshatulia. Nlikuwa nakutizama machoni."

Ni kweli. Nilimwona ametulia. Mikono alikuwa ameishusha, anapumua, ananitazama, na ile sura iliyonyamaza ilinikumbusha miaka miwili ya kungojea jibu, na busati, na "mwambie mumeo." Niliuinua mpini tena nikiwa na akili zangu timamu. Nikamwambia, "Ndiyo, baba."

Tukaanza kuziona nyumba. "Na mimi nlikuona," akasema. "Mara mbili ulikuja kuitizama geji. Nikaibana na kiwiko. Nliona haya, mwanangu, kijana kama wewe kuniona nimemaliza." Akakikunja kile kitambaa, upande wenye damu ndani. "Yote mawili mkeo hana haja ya kuyajua."

Mke wangu alikuwa ameshafika kwao, amepigiwa simu kutoka pwani, amesimama ukumbini na mama yake. Alimshika baba yake uso kwa mikono miwili, akamuuliza pua imekuwaje. "Jabali," akasema mkwe wangu. "Mumeo kanitoa."

Mke wangu akanijia mimi. Mbele ya baba yake, mbele ya mama yake, kitu ambacho hajawahi kukifanya, aliuchukua mkono wangu wa kulia, ule uliokuwa na kisu, akaubusu, akauweka kwenye paji lake la uso akalia. Nilimtazama mkwe wangu juu ya kichwa cha mke wangu. Naye alinitazama vilevile alivyonitazama kule chini, ametulia, pua imepinda upande mmoja, na haikunyooka tena.

"Mwambie mumeo akae," alimwambia. "Mkono wake bado una baridi."