Mpangaji na Mjusi Wake wa Maji

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, mpangaji wa chumba cha uani alinusa maji ya beseni la kioo alimomfuga mjusi wake wa maji. Moza, binti wa mwenye nyumba, alikuwa akimchungulia; mtu anayemwita mjusi "mwanangu" hakumkaa rohoni. Tangu amwone akichovya kopo la mjusi kwenye pipa wanalonywea wote, Moza alitia humo vidonge vitatu vya dawa ya kuua vijidudu vya kipindupindu badala ya kimoja. Mjusi akapauka, ngozi ikambambuka vipande vipande. Siku moja mpangaji akayaonja maji ya pipa, akatema.

"Bi Saada, mwatia nini humu?"

"Kidonge kimoja tu, baba, kama tulivyoambiwa," mama yake Moza akajibu.

Mpangaji akamtazama Moza. Moza akatazama ufagio. Mpangaji akamhamishia mjusi kwenye chupa ya maji ya mvua. Akatoka kaikumbatia chupa, asirudi hata kufuata godoro lake.